Mtoto wa koleo: alama zinazofutika na dalili za kuchunga

Binti yangu wa kwanza alizaliwa kwa koleo, forsepsi kama wahudumu wa leba wanavyoiita. Leo ni msichana mkubwa, anasoma vizuri, anakimbia, maneno hayamwishi, na usoni huwezi kujua chuma kilimshika wapi. Ila zile siku zake za mwanzo zilinifundisha jambo ambalo namwambia kila mama ninayesikia amejifungua hivyo: alama inayowaliza wageni mara nyingi haina neno, na dalili yenye hatari huenda usiione kabisa mpaka mtu akuonyeshe pa kutazama.

Uchungu wangu ulikwenda vizuri mpaka njia ikafunguka sentimita 10. Kuanzia hapo nilisukuma na kusukuma, kichwa kikagoma kushuka. Mtoto alikuwa ameelekeza uso juu, tofauti na wengi ambao huelekea mgongo wa mama, na mkao huo hufanya kichwa kipite kwa kipimo kikubwa kuliko kawaida. Nguvu zikaniishia. Kisha mapigo ya moyo wa mtoto yakawa yanashuka kila uchungu unapokuja, na yanachelewa kupanda. Daktari akainama karibu na uso wangu: "Mama, mtoto amechoka. Kichwa kimeshafika chini, naweza kumtoa kwa koleo sasa hivi. Tukienda kwenye upasuaji tutachelewa, na itabidi kichwa kirudishwe juu kwanza. Unakubali?" Nikakubali.

Nilidhani atavuta pale pale, kumbe kuna matayarisho. Mkojo ulitolewa kwa mpira. Nilichomwa sindano ya ganzi. Alipapasa tena kwa vidole, polepole, mpaka akawa na hakika utosi uko wapi na masikio yako wapi. Daktari wa watoto akaitwa asimame tayari. Yote hayo ni masharti ya kazi yenyewe: njia iwe imefunguka yote, chupa iwe imepasuka, kichwa kiwe kimeshuka, mkao wake ujulikane, na chumba cha upasuaji kiwe karibu iwapo mtoto hatashuka. Daktari mwenye busara asipoona mtoto anashuka kwa mivuto michache huacha, hashindani na nyonga.

Koleo lina mikono miwili inayotenganishwa, kila mmoja una kijiko kilichopinda kufuata mviringo wa kichwa. Huingizwa mmoja baada ya mwingine, vijiko vikakaa pande mbili za kichwa kufuata mashavu, kisha mikono ikafungwa pamoja. Daktari huvuta uchungu unapokuja, mama akisukuma, na hupumzika uchungu unapopita. Kikikaa sawa, mkazo hugawanyika pande zote mbili. Kikikaa mshazari, kijiko kimoja huangukia paji la uso au karibu na jicho na kingine nyuma ya sikio, na sehemu hizo hazikuumbwa kubanwa. Ndiyo maana kule kupapasa kwa muda mrefu, ambako mimi nilikuona ni kuchelewa, ndiko kunakolinda uso wa mtoto.

Chombo chenyewe ni cha zamani sana. Kinahusishwa na ukoo wa Chamberlen, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa wakahamia Uingereza, ambao walikificha kama siri ya familia kwa zaidi ya miaka 100 huku wajawazito na watoto wakiendelea kufa mikononi mwa wakunga wasiokijua. Vyombo vyao viligunduliwa mwaka 1813 chini ya sakafu ya nyumba moja huko Essex. Niliposoma habari hiyo nilikasirika, na bado nakasirika, kwa sababu naona kipande cha tabia hiyo kimebaki wodini. Mama hupewa mtoto aliyevutwa kwa chuma, anaambiwa "yuko salama", basi. Haelezwi kilichofanyika wala cha kuangalia.

Alilia mara moja alipotoka. Walipomlaza kifuani pangu niliona mstari wa rangi ya zambarau umeanzia kwenye paji, ukapita pembeni ya jicho, ukapinda na kuishia shavuni, sawasawa na ukingo wa kijiko. Upande wa pili alama ilikuwa fupi, chini ya sikio, na hapo ngozi ilikuwa imechubuka kidogo. Kichwa kilikuwa kimerefuka kwenda nyuma. Mama mkwe wangu alipomfunua aligeukia ukutani akafuta machozi. Dada yangu akauliza kwa sauti ya chini kama ataolewa na uso huo.

Michirizi ile ndiyo iliyopotea kwanza. Kwa kawaida alama za koleo hufifia ndani ya saa 24 hadi 48. Mikato midogo ya usoni au kichwani huwapata takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaozaliwa kwa kusaidiwa na chombo, nayo hupona haraka. Tuliosha pale palipochubuka kwa maji safi, tukakausha kwa kugusagusa, na nikakataa kila dawa ya kupaka niliyoletewa. Ngozi ya kichanga hupitisha vijidudu upesi, na mchubuko unaopona wenyewe hauhitaji mafuta ya mtu.

Aliyenionyesha pa kutazama ni nesi wa zamu ya usiku. Mtoto alianza kulia, nikanyoosha mkono nimchukue, akanizuia. "Mama, usimtulize kwanza. Mwache alie, mwangalie mdomo." Nikaangalia. Mdomo ulivutika chini upande wa kushoto, ukapinda, na upande wa kulia haukutikisika. Mtu yeyote akiona hivyo jicho lake hukimbilia ule upande uliopinda. Nesi akagusa shavu la kulia, lile lililotulia, ambalo likilala lilionekana zuri kuliko lenzake. "Unaovutika ndio mzima. Shida iko huku. Sasa tazama jicho." Jicho la kulia lilikuwa halifungi, limebaki wazi kidogo hata mtoto alipokunja uso wote kwa kilio. Pia ule mkunjo wa kutoka puani kwenda mdomoni upande huo haukuwepo.

Hiyo ni kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso. Asubuhi daktari wa watoto alinieleza sababu, na ni sababu inayoeleweka: mshipa huo hutokea chini ya sikio. Kwa mtu mzima, lile nundu la mfupa unaloligusa nyuma ya sikio huukinga. Kichanga nundu hilo bado halijaota, kwa hiyo mshipa unalala karibu tu chini ya ngozi, na ukingo wa koleo ukiukandamiza unalegea. Mara nyingi umebanwa tu, haujakatika, kwa hiyo watoto walio wengi hupona wenyewe katika wiki chache. Akaniambia pia kwamba hata watoto ambao hawakuguswa na chombo chochote huweza kuupata, kichwa kikibanwa kwenye mfupa wa nyonga ya mama.

Kazi yetu ilikuwa kulinda jicho. Jicho lisilofunga hukauka, na likikauka kioo chake hupata vidonda. Tulipewa matone ya mchana na mafuta ya macho ya usiku, tukaonyeshwa namna ya kulifunga kope lake kwa upole anapolala. Kunyonya nako kulitaka ujuzi. Maziwa yalichuruzika kwenye pembe ya mdomo uliolegea, na alichoka kabla hajashiba. Mkunga alinifundisha kushika titi kwa kiganja huku kidole cha shahada na gumba vikishika mashavu ya mtoto pande mbili ili mdomo uzibe, na kumnyonyesha muda mfupi mfupi, mara nyingi. Kilichobaki nilikikamua nikamnywesha kwa kikombe kidogo. Mtoto aliyezaliwa kwa koleo anaweza pia kusumbuka kunyonya kwa sababu taya na shavu vinauma. Ukiona analia kila anaposhikwa upande mmoja, mgeuze, mjaribu kwa kumlaza mkao mwingine, na sema kwa daktari, kwani maumivu ya mtoto nayo yana dawa.

Uvimbe wa kichwani ulijitokeza baadaye. Kurefuka kwa kichwa kulikuwa kumeshapungua, ndipo upande mmoja juu ya sikio pakainuka kitu laini. Nilipiga kelele za kuita mtu. Daktari alikuja, akashika kidole changu akakipitisha taratibu kwenye ukingo wa uvimbe wote, mpaka nikasikia pale unapoishia. "Umeona? Hauvuki maungio ya mifupa." Ni damu iliyovuja kati ya mfupa wa fuvu na utando unaoufunika. Utando huo umeshikamana na mfupa kwenye maungio, kwa hiyo damu haina pa kwenda, inabaki juu ya mfupa mmoja. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa kwa kusaidiwa, 1 hadi 12 huupata. Hautobolewi wala hauvutwi kwa sindano, maana tundu ni mlango wa vijidudu. Hauchuliwi wala haukandwi. Huchukua wiki hata miezi, na ukielekea kwisha ukingo wake hukakamaa, katikati pakabaki laini, ukagusa ukadhani fuvu limebonyea. Tusingeambiwa hilo mapema, siku ile lilipotokea nyumba nzima ingelala macho.

Kuna uvimbe mwingine ambao daktari alinitajia kwa sauti tofauti kabisa. Huo damu yake hukaa juu ya ule utando, chini ya ngozi ya kichwa, na hapo hakuna maungio ya kuizuia. Inaweza kuenea kuanzia kwenye nyusi hadi kisogoni, ikasukuma masikio mbele, ikashuka shingoni. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyofika mililita 300 mwilini mwote, kwa hiyo kinachoonekana kama uvimbe tu ni damu aliyoipoteza. Hutokea zaidi kwa waliovutwa kwa vakyumu, ile kofia ya kufyonza, lakini koleo pia linaweza kuuleta.

Nauelezea kwa kirefu kwa sababu niliuona. Mama wa kitanda cha jirani alijifungua kwa vakyumu. Mtoto wake wa kiume hakuwa na alama hata moja usoni, na wageni waliokuja kunipa pole mimi walimpongeza yeye. Alisifiwa kwa utulivu wake. Jioni mama yake akasema, "Huyu mbona halii kabisa?" Tulipomwangalia kwenye mwanga, midomo ilikuwa imepauka, anapumua haraka, na kichwa chote kimekuwa kama teketeke, ukikibonyeza kinahama. Nesi hakumaliza hata kumvua kofia, alimbeba akakimbia naye. Aliongezewa damu usiku ule, akapona. Mimi mwanangu mwenye uso wa michirizi alikuwa analia kwa nguvu zake zote, na kuanzia siku hiyo kilio chake hakikunikera tena.

Damu yoyote iliyovuja, iwe ya mchubuko au ya uvimbe, mwili lazima uivunjevunje, na katika kuivunja hutoka bilirubini, ile rangi ya manjano. Ini la kichanga halijawa na kasi ya kuiondoa, kwa hiyo watoto waliovutwa huelekea zaidi kupata umanjano. Wetu ulianza machoni na usoni, ukateremka kifuani. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi usitegemee kuuona kwa mbali: mpeleke penye mwanga wa mchana, bonyeza kidogo ngozi ya puani au kwenye paji na uangalie rangi inayobaki ukiachia, kisha tazama weupe wa macho na fizi. Umanjano ukitokea ndani ya saa 24 za kwanza, apimwe damu hapo hapo, hauna kusubiri. Na mtoto wa manjano anayeanza kusinzia sana na kuacha titi arudishwe hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo, na inaweza kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo.

Binti yangu aliwekwa chini ya taa za buluu, uchi isipokuwa nepi, macho yamefunikwa. Nilikaa pembeni nimeingiza mkono kumshika kisigino. Ndugu walishauri nimchukue nikamwote jua nyumbani. Jua la dirishani haliwezi kufanya kazi ya taa hizo, na mtoto aliyeanikwa juani anaweza kuungua au kupata joto kupita kiasi. Niliwajibu kwa heshima, nikabaki naye wodini.

Kulikuwa na neno moja ambalo kila mtu alilizungukia, mpaka shangazi yangu akalitamka: watoto wa koleo huwa wazito wa akili. Lilinikaa kooni miaka. Kila binti alipochelewa kitu chochote, nililisikia. Basi niliposhika nguvu nilitafuta kusoma, na nilichokipata nataka wengine wakipate bila kuhangaika. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulichambua uzazi wa kwanza zaidi ya 580,000 jimboni California. Damu kuvujia ndani ya fuvu ilimpata mtoto 1 kati ya 664 waliozaliwa kwa koleo, 1 kati ya 860 wa vakyumu, 1 kati ya 907 waliotolewa kwa upasuaji baada ya uchungu kuanza, 1 kati ya 1,900 waliozaliwa wenyewe, na 1 kati ya 2,750 waliotolewa kwa upasuaji kabla ya uchungu.

Soma namba hizo taratibu. Koleo lina hatari zaidi, sitaki kumdanganya mtu. Lakini mtazame yule aliyefanyiwa upasuaji baada ya uchungu kukwama: naye yuko juu mara mbili ya aliyezaliwa mwenyewe, wala hakuguswa na chuma. Sehemu kubwa ya madhara huletwa na uzazi wenyewe uliokwama, ambao ndio uliomfanya daktari ashike chombo. Mimi pale kitandani sikuwa nachagua kati ya koleo na kujifungua kwa raha. Nilikuwa nachagua kati ya koleo, upasuaji wa dharura kichwa kikiwa kimezama, na mtoto kuendelea kukosa hewa.

Kuhusu akili, utafiti mwingine uliotoka mwaka 1991 uliwaangalia vijana zaidi ya 52,000 waliozaliwa Jerusalem, walipofika miaka 17. Waliovutwa kwa koleo au vakyumu hawakuonekana kuwa na upungufu wa akili ukiwalinganisha na wenzao. Nilimsomea shangazi. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nami nilisikia tu kwa watu." Hakuwa na nia mbaya, na najua wapo kina shangazi wengi.

Madhara makubwa yapo hata hivyo, ingawa ni ya nadra: fuvu kupasuka au kubonyea, jicho kuumia, mishipa ya bega kuvutika mkono ukalala bila kuinuka, shingo kuumia hasa pale kichwa kinapozungushwa. Mtoto anayetapatapa kwa degedege, anayelegea kama kitambaa, anayelia kwa sauti nyembamba ya kuchoma, anayekataa kunyonya kabisa, ambaye utosi wake umevimba na kukaza, au anayeacha kupumua kwa vipindi, huyo anahitaji daktari dakika hiyo hiyo. Usisubiri zamu ibadilike. Angalia pia kama mikono yote miwili inainuka sawa anaposhtuka. Katika wiki za baadaye, ukiona anapendelea kugeuzia kichwa upande mmoja tu, onyesha mapema, mazoezi ya kunyoosha shingo hufanya kazi vizuri zaidi akiwa bado mdogo.

Mdomo wa binti yangu ulirudi kidogo kidogo. Kwanza jicho likaanza kufunga usingizini, baadaye ule mkunjo wa kando ya pua ukarudi, na mwisho ikawa ukimwangalia analia huwezi kusema upande upi ulikuwa umepooza.

Kabla hatujaruhusiwa niliomba niandikiwe kilichotokea: chombo gani kilitumika, kwa sababu gani, mtoto alikuwa amekaaje, na madhara gani yaliyoonekana upande gani. Nilihakikisha pia amepata sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Wahudumu walishangaa kidogo, lakini waliandika. Karatasi ile niliibeba kwenye mimba ya pili, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuomba upasuaji kwa hofu. Mkunga aliisoma yote, akaniambia wanawake wengi waliosaidiwa kwa chombo mara ya kwanza hujifungua wenyewe mara ya pili, na akaeleza kwa nini kwangu haoni kizuizi. Mdogo wake binti alizaliwa bila chombo chochote, uso safi. Naye alipata umanjano. Niliuona mapema, penye mwanga wa dirisha, kwa kumbonyeza ncha ya pua.